Slimu ya pini 30: kioo cha laptopu cha kununua mjini na kufunga nyumbani

Ukiingia kwenye vibanda vya vipuri vya laptopu vya Luthuli Avenue, Moi Avenue au Tom Mboya jijini Nairobi, kioo utakachokutana nacho mara nyingi kuliko vingine ni slimu ya pini 30. Ni paneli nyembamba ya LED yenye plagi ya pini 30, unene wake kama milimita 3, isiyo na mguso, ya inchi 14 au 15.6. Inaingia kwenye sehemu kubwa ya HP, Lenovo, Dell, Acer na Asus za kawaida zilizotoka kiwandani tangu mwaka wa 2014 hivi. Hiyo ndiyo tunayoipima hapa. Tunaipa alama nzuri: bei yake ni ya haki na kuifunga nyumbani ni kazi ya saa moja isiyohitaji vifaa vya ajabu. Wanaopoteza pesa hupotezea dukani, kabla bisibisi haijagusa skrubu, kwa sababu wamekwenda kununua kwa jina la laptopu badala ya namba ya paneli.

Jina la laptopu halitoshi hata kidogo. Chukua HP EliteBook 840 G3, ambayo imejaa kwenye maduka ya laptopu za mtumba mjini. Iliuzwa ikiwa na kioo cha HD, cha FHD na cha QHD (viwango vya wingi wa pikseli, kutoka chini kwenda juu), na zingine zikiwa na mguso. ThinkPad T480 ni hivyo hivyo: isiyo na mguso ya HD au FHD hutumia plagi ya pini 30, yenye mguso hutumia pini 40. Muuzaji ukimwambia tu "nataka kioo cha T480" atakupa kile kinachotoka sana, na hapo umecheza kamari. Fungua laptopu kwanza, piga picha mgongo wa kioo kilichovunjika, ndipo upande matatu ya kwenda tauni.

Kabla ya hapo, hakikisha kilichokufa ni kioo kweli. Ufa wa utando wa buibui, doa jeusi linalosambaa kama wino, au mistari ya wima isiyobadilika hata ukisogeza kifuniko kwa kawaida ni kioo. Picha inayokatika-katika unapofungua na kufunga kifuniko kwa kawaida ni kebo inayopita kwenye bawaba, na kebo ni nafuu kuliko kioo. Skrini nyeusi kabisa inahitaji majaribio mawili. Chomeka televisheni au monita kwa HDMI. Ikionyesha picha vizuri, bodi kuu ya laptopu inatoa picha. Kisha zima taa za chumba na umulike kioo kwa tochi ya simu kwa upande. Ukiona picha hafifu, data inafika ila mwanga wa nyuma umekufa, na hapo tatizo laweza kuwa kioo, kebo au fyuzi ndogo kwenye bodi. Wenye Dell wana njia rahisi zaidi: laptopu ikiwa imezimwa, shikilia herufi D kisha uiwashe. Kioo chenyewe kitapita rangi moja baada ya nyingine. Rangi zikitoka safi, kioo hakina kosa.

Sasa kibandiko. Kiko mgongoni mwa paneli, kimejaa misimbo, na unaohitajika ni mmoja tu, ule unaoanza na herufi ya mtengenezaji na ukubwa. Kwa Innolux, N156 ni inchi 15.6 na N140 ni inchi 14. BGA na BGE ni HD, yaani pikseli 1366 kwa 768, HGA ni FHD ya 1920 kwa 1080 ya aina ya TN, isiyoonekana vizuri kwa pembeni, na HCA au HCE ni FHD ya IPS, yaani ya pembe pana. Kwa BOE, NT156WHM ni HD, NT156FHM ni FHD ya TN, NV156FHM ni FHD ya IPS. AU Optronics huandika B156XTN kwa HD, B156HTN kwa FHD ya TN na B156HAN kwa ile ya pembe pana. LG hutumia LP156WH kwa HD na LP156WF kwa FHD. Si lazima upate mtengenezaji yule yule. Paneli ya BOE huingia mahali pa Innolux bila shida mradi mambo matano yalingane: ukubwa, idadi ya pini, mahali plagi ilipo, masikio, na pikseli.

Masikio ndiyo yanayosahaulika. Hivi ni vile vipande vya chuma vya pembeni vyenye matundu ya skrubu. Kuna paneli zenye masikio juu na chini, zenye masikio kushoto na kulia, na zile za karibuni zisizo na masikio kabisa, ambazo hushikwa kwa gundi. Kwa inchi 15.6, paneli yenye masikio ina upana wa kama milimita 360 na isiyo nayo kama 350. Tofauti ya sentimita moja inaonekana ndogo hadi ujaribu kuifunga kwenye kifuniko chenye fremu nyembamba. Wapo wauzaji watakaokuambia masikio yanakatwa. Kweli yanakatwa, ila yamebanwa kwenye fremu ya chuma iliyoshikilia tabaka za mwanga, na ukiikunja fremu hiyo unaacha mwanga ukivuja kwenye kona. Tunashauri usubiri hadi siku ya pili uletewe kinachofaa.

Na pini 40 ni mtego wa pekee. Jina hilo hubeba njia mbili tofauti za kupeleka picha kwenye kioo: LVDS ya laptopu za zamani kama ThinkPad T430, EliteBook 8470p na Latitude E6430, na eDP, ile mpya inayotumiwa pia na slimu ya pini 30, ila ya pini 40 kwa skrini za mguso au zenye kasi ya juu ya kuchora picha. Hazibadilishani, na kulazimisha huenda kukaunguza bodi. Slimu ya pini 30 haina utata huo, na hii ni sababu mojawapo ya kuipenda.

Dukani, sema ombi lako lote kwa pumzi moja: "Bosi, nataka slimu ya 15.6, pini 30, haina masikio, FHD, IPS," kisha onyesha picha. Muuzaji anayejua kazi atageuza kioo na kukuonyesha kibandiko bila kuombwa. Maneno kama "grade A" au "original" yapuuze. Hayaandikwi na kiwanda. Omba kioo kijaribiwe kwa tester, ile bodi ndogo inayoleta rangi tupu, na uangalie rangi zote tano. Kwenye nyeupe tafuta vivuli vya mgandamizo na madoa. Kwenye nyeusi tafuta pikseli zinazowaka na mwanga unaovuja pembeni. Nyekundu, kijani na buluu zitaonyesha pikseli zilizokufa. Angalia pia utepe mwembamba wa bodi ulio chini ya paneli. Ukiwa umekunjwa au una alama za kuchokonolewa, hicho kimeshawahi kufungwa mahali pengine. Karatasi ya plastiki ya kinga iache hadi utakapomaliza nyumbani, kwani wauzaji wengi hawapokei kioo kilichobanduliwa. Risiti iandikwe msimbo wa paneli na muda wa waranti, si "laptop screen" tupu.

Bei hutegemea siku na mdomo wako. HD ya inchi 15.6 huanzia kama elfu tano, na FHD ya IPS huongeza elfu mbili au tatu juu ya hapo. Laptopu yako ikiwa na FHD, lipa tofauti hiyo. TN ya HD hufifia ukiinama kidogo, rangi zinageuka ukitazama kutoka juu, na mtu anayesoma jedwali la hesabu siku nzima ataijutia. Mwangaza wa paneli hizi, HD au FHD, kwa kawaida ni niti 220 hadi 250. Ndani ya nyumba unatosha. Kwenye baraza saa saba mchana hutaona kitu. Ukinunua mtandaoni, iwe Jumia au Jiji, omba picha ya mgongo wa kioo chenyewe kitakachotumwa, maana picha ya tangazo mara nyingi ni ya jumla.

Kubeba kioo ni kazi vilevile. Kiwe ndani ya boksi lenye sponji, kisimame wima katikati ya katoni mbili ngumu, na kisiingie kwenye mkoba wa mgongoni kwenye matatu ya saa kumi na moja. Boda boda tungeiepuka kabisa kwa inchi 15.6.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: bisibisi ya nyota PH0 na nyingine PH00, kadi ya plastiki ya zamani au kipande chembamba cha kufungulia simu, koleo ndogo, selotepu pana, kitambaa laini, na kwa kioo kisicho na masikio, tepu ya pande mbili ya milimita 4 hivi. Julai, baridi ikishika Nairobi, vua sweta ya sufu na uguse chuma kabla ya kushika paneli; umeme tuli hauonekani lakini unaua.

Anza na umeme. Zima kabisa, toa chaja, kisha fungua kifuniko cha chini na uchomoe plagi ya betri kutoka kwenye bodi. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15. Kwenye ThinkPad zenye betri ya ndani kuna njia isiyohitaji kufungua chini: ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya laptopu kabla Windows haijawaka), nenda Config, kisha Power, uchague Disable Built-in Battery, laptopu itajizima na betri italala hadi uchomeke chaja. Ile ya nje ichomoe kwa mkono. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo ya gharama kubwa zaidi. Ndani ya plagi ya pini 30 kuna pini zinazobeba volti za mwanga wa nyuma, karibu sawa na za betri, zikiwa jirani na pini za data za volti chache. Plagi ikiingia mshazari huku betri imeunganishwa, fyuzi ya mwanga kwenye bodi inakatika, na fyuzi hiyo ni ndogo kuliko punje ya mchele. Dalili yake ni kioo kipya kinachoonyesha picha kwa tochi tu. Hapo hakuna ujanja wa nyumbani. Ni fundi mwenye stesheni ya kuchomelea.

Kabla ya kuendelea, bandika selotepu juu ya kioo kilichopasuka ili vipande visikurukie. Fungua fremu ya plastiki inayozunguka kioo. Zile za zamani huwa na skrubu mbili au zaidi zilizofichwa chini ya vifuniko vidogo vya mpira kwenye kona. Vichokonoe kwa ncha ya sindano. Kisha ingiza kadi upande wa ndani, karibu na kioo, katikati ya ukingo, na uzivute kucha za plastiki moja baada ya nyingine. Usianzie kwenye kamera, kwani fremu ni nyembamba hapo na hupasuka. Chini karibu na bawaba, fungua kifuniko hadi nyuzi 90 au zaidi, la sivyo bawaba zitabana fremu na utaivunja ukidhani ni gundi.

Paneli yenye masikio hushikwa na skrubu nne ndogo. Zitoe, laza kioo kifudifudi juu ya kibodi iliyotandikwa kitambaa. Isiyo na masikio ina vipande viwili vya tepu ya kuvutika, kimoja kila upande, nyuma ya paneli. Shika ncha yake kwa koleo, izungushe kidogo kwenye mdomo wa koleo, uvute polepole sambamba na kioo, kuelekea kwako. Ukiivuta kwa juu au kwa haraka inakatika. Ikikatika, pasha moto mgongo wa kifuniko kwa mashine ya kukaushia nywele na upitishe uzi wa kusafishia meno nyuma ya paneli. Kioo chenyewe kimeshakufa, hivyo si cha kuonewa huruma. Vinavyolindwa ni kifuniko, kebo na nyaya za Wi-Fi.

Plagi ya eDP imezibwa kwa kipande cha tepu angavu, na mara nyingi ina kiwaya cha kufungia. Bandua tepu, inua kiwaya, kisha sukuma plagi kinyumenyume, sambamba na paneli. Haichomolewi kwa kuinua juu. Kwenye kioo kipya ingiza kwa kubonyeza pande zote mbili kwa usawa hadi ikae bila mshazari, rudisha kiwaya, na ubandike tepu mpya. Tepu hiyo si mapambo: bila yake plagi hulegea baada ya miezi ya kufungua na kufunga.

Sasa jaribu kabla ya kufunga chochote. Egemeza kioo, rudisha betri, washa. Angalia picha, ongeza na upunguze mwangaza, chezesha kifuniko taratibu. Ukiridhika, zima, na uchomoe betri tena kabla ya kukifunga. Wengi hukumbuka mara ya kwanza na kusahau ya pili.

Yanayoharibika baada ya kufunga yana sababu zinazojulikana. Skrini nyeupe tupu: plagi haijaingia vizuri, au pini zimepinda. Picha yenye chembechembe za rangi: kebo imebanwa mahali fulani. Wi-Fi imekuwa dhaifu ghafla: waya wa antena, ule mweusi au wa kijivu unaozunguka kioo, umelaliwa na fremu. Kamera haionekani: plagi yake ndogo iliyo juu imetoka wakati wa kutoa fremu. Fremu haifungi kona moja: kuna skrubu au ukucha uliovunjika chini yake, na ukilazimisha utapasua kioo kipya kutoka kwenye ukingo.

Bawaba zinastahili maneno zaidi, kwa sababu vioo vingi "vinavyopasuka vyenyewe" vimepasuliwa nazo. Bawaba ikikaza mno, nguvu ya kufungua inaingia kwenye plastiki ya kifuniko, vile vikombe vya shaba vinavyoshika skrubu vinang'oka, na siku moja kifuniko kinajipinda na kuvunja kioo kutoka pembe ya chini. Ukiweka kioo kipya bila kurekebisha hilo, umenunua kioo cha miezi michache. Kioo kikiwa kimetoka, chezesha kila bawaba peke yake. Isiyosogea kwa kidole, legeza nati yake robo mzunguko. Vikombe vikiwa vimeng'oka, gundi ya epoksi ya sehemu mbili hushika, ikipewa saa 24 kukauka. Supagluu haifai, ni ngumu na huvunjika kwa mtikisiko.

Swali la kupandisha HD hadi FHD huulizwa sana. Inawezekana kwa baadhi ya laptopu, lakini paneli ya HD huhitaji njia moja ya data ya eDP na FHD ya kawaida huhitaji mbili, na watengenezaji wengi hufunga kebo yenye njia moja kwenye modeli ya HD ili kupunguza gharama. Plagi zinafanana kabisa, kioo kitaingia, kisha kitakaa cheusi. Kabla ya kununua, tafuta kebo ya modeli ya FHD ya laptopu hiyo hiyo, na uhesabu bei yake ndani.

Kuna laptopu ambazo hatungependekeza uziguse nyumbani. Zile za kugeuza-geuza zenye mguso, kama familia ya x360 ya HP, kioo cha nje kimegandishwa na paneli, na unanunua mkusanyiko mzima. MacBook nayo hubadilishwa kifuniko chote. Hizo mpelekee fundi, na ulipie kazi baada ya kuona kamera, maikrofoni na mguso vyote vikifanya kazi. Kwa slimu ya kawaida, ada ya fundi mjini si kubwa, kwa hiyo usifanye nyumbani kwa ajili ya kuokoa hiyo pekee. Faida halisi ni kwamba unajua ni kioo gani kimeingia, bawaba zimekaguliwa, na diski yako haijaachwa usiku kwenye kibanda cha mtu.

Kioo cha zamani usikitupe na takataka za jikoni. Paneli za LED hazina zebaki, tofauti na zile za taa za mirija za kabla yake, lakini vioo na bodi bado ni taka za kielektroniki. WEEE Centre kule Utawala huzipokea. Na kama kilichovunjika ni kioo cha mbele tu huku bodi ya chini ni nzima, muulize muuzaji kabla ya kukipeleka, kwani baadhi hununua kwa ajili ya vipuri.